Mavuno ya Ng'ambo

Mwezi wa saba, upande wa Basotu, baridi ya asubuhi inauma hadi kwenye kucha. Maharage yameshang'olewa na kupurwa zamani, yamebaki mahindi. Mama anatangulia na panga, anakata mabua na kuyasimamisha mafungu mafungu; sisi tunafuata nyuma kumenya. Mchana mkokoteni wa punda unabeba, usiku vidole vinawaka moto kwa kupukuchua. Siku hizi mashine inakuja na trekta, inamaliza gunia kumi kabla chai haijapoa. Sikatai, lakini ile kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa na hadithi.

Hadithi nyingi zilihusu ng'ambo. Ng'ambo maana yake mashamba ya ngano ya serikali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na hasa miaka ya 1970, NAFCO ikisaidiwa na Kanada ilifungua mashamba saba katika tambarare za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengine, jumla karibu ekari 100,000. Kombaini za kule zilivuna kwa siku eneo ambalo ukoo wetu mzima usingelimaliza kwa msimu. Watoto tulikuwa tunapanda kichuguu kuzitazama. Kwa kweli tulizipenda.

Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wengine huwaita Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai, maana yake adui, na wao hawalipendi. Walikuwa wakihamahama na ng'ombe kwa kufuata maji, chumvi na nyasi, kila majira na mahali pake. Mtaalamu wa kilimo akipita wakati wasipokuwepo, anaona ardhi tupu. Makaburi ya wazee wao, yale ya vilima yanayoitwa bung'eda, mengine yakapitiwa na majembe ya trekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ikaupindua. Kijiji, ikasema, hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile. Na wadai binafsi hawakuthibitisha kwamba wao ni "wenyeji" kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, sheria iliyoachwa na Mwingereza. Nimeirudia mara nyingi hukumu hiyo na bado pale panakwama kooni. Mbarabaig wa Hanang athibitishe kwamba ni mwenyeji! Athibitishe kwa nani, jamani?

Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimekasirika upande ulio sahihi. Shida ni shamba la babu.

Babu alikuwa Mwiraqw wa kutoka milima ya Mbulu, upande wa Kainam, kwenye ukulima ule wa matuta na samadi ambao mtafiti wa Kiswidi, Lowe Börjeson, aliuandikia kitabu mwaka 2004. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka, na wengi wakashuka tambarare na jembe mkononi. Yeye alifika miaka ya 1950. Akafyeka, akapanda mtama, baadaye mahindi. Nyumbani tulizoea kusema alikuta pori.

Mwaka jana mama alianza kufuatilia hatimiliki ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Wajomba zangu wanaitaka kwa sababu zao (mmoja ana mnunuzi tayari, nadhani), mama anaitaka ili wasiuze. Kamati ya kijiji ikaja shambani katikati ya mavuno kupima mipaka, na majirani wakaitwa kushuhudia. Jirani wa upande wa bondeni ni mzee wa Kibarabaig. Mjomba akatoa maelezo yake: marehemu baba yetu alikuta pori tupu.

Mzee akacheka, si kwa ubaya.

"Pori? Hapo ulipokanyaga nilichungia ndama wa baba yangu."

Kimya. Mwenye futi akajifanya anaikunjua upya. Mimi nilikuwa nimeshika hindi ambalo sijamaliza kulimenya, na ile hukumu yote ikanipita kichwani, ila safari hii sisi ndio tulikuwa ng'ambo. Babu hakuja na kombaini wala hakulima kaburi la mtu, hilo najua. Alikuja na jembe moja na njaa. Lakini ndama wale walihamishiwa wapi? Hakuna aliyewahi kutusimulia, na sisi hatukuwahi kuuliza.

Mama ndiye aliyevunja kimya. "Babu, unasemaje sasa, tusiandikishe?"

"Andikisheni. Mume wako nimemzika mimi." Akaomba wino, akaweka dole gumba kwenye nafasi ya shahidi, akajifuta kwenye lubega yake. Kisha akauliza mwaka huu tunamaliza kuvuna lini, ng'ombe wake waingie kwenye mabua.

"Jumamosi," mama akasema.

"Jumamosi mbali. Alhamisi."

Tukavuna hadi usiku, tukamaliza Jumatano.