Nani Alituletea Maji? Historia ya Bomba katika Mji wa Bukavu



Katika sura ya nne ya Injili ya Yohane, mwanamke wa Samaria anamkumbusha Yezu jambo ambalo sisi wasomaji hulipita haraka: kisima wanachokizungumzia kina historia. Kilitoka kwa babu yao Yakobo, naye alikunywa humo pamoja na wanawe na mifugo yake. Mwanamke yule alikuja peke yake na mtungi wake saa ya jua kali, lakini alijua ni nani aliyewaachia maji.

Tulipowauliza vijana, katika mafundisho ya Kwaresima, ni nani aliyeleta maji ya bomba Bukavu, wengi walijibu: «Rejideso.» Wengine walicheka, wakasema kwamba kwao hayajaletwa bado. Majibu yote mawili ni ya kweli, na historia yetu iko kati ya hayo mawili.

Mgeni anayefika kwetu hushangaa. Mji umekaa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu, mvua hunyesha karibu miezi tisa ya mwaka, na hata hivyo watoto wanapanda vilima na bidoni za manjano kichwani. Yawezekanaje mtu akose maji mbele ya ziwa? Jibu la kwanza ni la maumbile ya nchi. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na nyumba za Kadutu, Cimpunda na Panzi ziko juu yake. Maji hayapandi kilima yenyewe. Yanahitaji kusukumwa kwa pampu, nayo pampu hula umeme. Tena ziwa hupokea kila kitu ambacho mito midogo kama Kawa na Wesha hukiokota mitaani. Kwa hiyo mafundi waliligeuzia ziwa mgongo, wakaenda kutafuta maji kwenye miinuko ya Kabare, katika mto Murhundu. Hata leo sehemu kubwa ya maji yetu ya bomba hutoka huko: huchukuliwa mtoni, husafishwa, kisha huteremshwa mjini. Sisi wa mjini tunaojiona wajanja kuliko watu wa kijijini tunakunywa maji ya kijijini kila asubuhi, na ni mara chache sana tunawashukuru.

Jibu la pili si la maumbile. Wabelgiji waliweka kituo chao hapa mwaka 1901, na mji ukaitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, uliporudishiwa jina la Bukavu. Mwishoni mwa mwaka 1939 serikali ya kikoloni iliunda Regideso, kampuni ya serikali iliyopewa kazi ya kugawa maji, na wakati ule umeme pia, katika miji ya Kongo. Wazungu walikaa upande wa ziwa, huko La Botte, Nyalukemba na Muhumba. Wafanyakazi weusi waliwekwa Kadutu, na katika miaka ya 1950 Bagira pia, ambako Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga nyumba. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Kongo ya Wabelgiji, mzungu alipata robine ndani ya nyumba, na mtu mweusi akapanga foleni mbele ya robine ya watu wote.

Hatusemi haya ili kuchochea chuki. Waliopanga mambo hayo wamekwisha kuhukumiwa na Mwenyezi Mungu. Tunasema kwa sababu bomba lina kumbukumbu ndefu kuliko mtu. Fundi anapochagua unene wa bomba huuliza kwanza: watu wangapi, na lita ngapi kwa kila mmoja? Asiyehesabiwa siku ile hana nafasi ndani ya bomba lile, wala watoto wake hawana. Wakoloni waliondoka mwaka 1960, lakini hesabu yao ilibaki chini ya ardhi.

Baada ya uhuru mji ulikua kuliko mabomba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi ya umeme ilikabidhiwa SNEL, na Regideso ikabaki na maji peke yake. Sisi tuliokuwa vijana wakati wa Zaire tunakumbuka salongo, tulipofagia na kuzibua mifereji asubuhi nzima, lakini salongo haitandazi bomba jipya. Kisha ukaja uporaji wa 1991 na 1993, na misaada mingi ya nje ikakatika. Mtambo wa maji hauonyeshi ugonjwa wake siku ile ile. Ukikosa vipuri leo, kiu huonekana miaka kadhaa baadaye.

Mwezi wa saba mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka Ruzizi kwa maelfu na maelfu. Walilala kando ya barabara, katika viwanja vya shule na vya maparokia, kabla ya kupelekwa katika kambi kama Inera na Kashusha. Kule Goma, ambako watu walikuwa wengi zaidi na ardhi ni jiwe la volkeno lisilochimbika kwa urahisi, kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu katika majuma machache. Ndipo wengi wetu tulipoelewa kwamba maji hayatoshi kuwa mengi. Goma nayo iko mbele ya ziwa lile lile. Jambo hilo daktari mmoja Mwingereza, John Snow, alikuwa amekwisha kulionyesha huko London mwaka 1854, alipohesabu nyumba za wafu wa kolera na kukuta kwamba zilizunguka pampu moja ya mtaani. Miaka 140 baadaye, ndugu zetu walikufa kwa ugonjwa ambao njia yake ilikuwa imekwisha kujulikana.

Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu. Tarehe 29 aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, ambaye aliwatetea wakimbizi na wenyeji pia. Katika miaka iliyofuata watu wa vijijini walikimbilia mjini kutafuta usalama, wakajenga palipobaki, yaani kwenye miteremko. Leo mji unakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1. Udongo unapoporomoka unavunja bomba, au unaliacha likining'inia hewani. Wenye kiu hulitoboa. Na msukumo wa maji unaposhuka, bomba lenye tundu hufyonza uchafu wa udongo unaolizunguka. Ndiyo maana maji ya robine yanayokuja saa chache kwa usiku yahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini, hata yakionekana meupe.

Foleni ya usiku huo ni ya nani? Ni ya wasichana na mama zao. Kila mwalimu anamfahamu msichana anayesinzia darasani saa mbili asubuhi. Tumewaadhibu wengi kabla ya kuwauliza waliamka saa ngapi.

Wako wanaosema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu ametupa mvua, ziwa na Murhundu. Kugawa alituachia sisi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Umoja wa Mataifa ulitamka haki hiyo mwaka 2010. Papa Fransisko aliifundisha mwaka 2015 katika waraka wa Laudato si', namba 30, na mwisho wa mwaka ule ule nchi yetu ilipata sheria ya maji, inayozipa jimbo na serikali za mahali sehemu ya wajibu. Kwa hiyo tunapodai maji hatuombi sadaka.

Kwa mkutano wenu ujao, kila kikundi kiende kwa wazee watatu wa shirika lake. Waulizeni robine ya kwanza ya avenyu yenu iliwekwa wapi na mwaka gani, nani alichimba mtaro, na ilikauka lini. Andikeni majibu katika daftari, chorenti na ramani ndogo, mkitia alama chemchemi zote mnazozijua na nyumba zinazochota humo. Ramani hizo tutaziunganisha katika ukumbi wa parokia.