Ugonjwa wa kucheka wa Kashasha

Ugonjwa wa kucheka wa Kashasha ni mlipuko wa vicheko na vilio visivyozuilika uliowapata wanafunzi na vijana wa Wilaya ya Bukoba, Tanganyika, mwaka 1962. Ulianzia katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni kijijini Kashasha, mahali ambapo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Wenyeji waliuita kwa Kihaya enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, au akajanja, yaani wazimu. Wataalamu wengi huuhesabu kuwa mfano wa histeria ya halaiki: dalili za kweli za mwili zinazoenea kutoka mtu hadi mtu bila kijidudu wala sumu.

Mwenendo wa mlipuko

Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali hiyo ikaenea hadi kuwapata wanafunzi 95 kati ya 159 waliokuwepo, wengi wao wa umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Masomo yakawa hayawezekani, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa.

Kufunga shule kulituliza Kashasha, lakini kuliupeleka ugonjwa vijijini. Baadhi ya wasichana walikuwa wenyeji wa Nshamba, na huko watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao wakiwa vijana. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wanafunzi 57 wakashikwa, ikafungwa kwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Wakati huohuo shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, ilipata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154, nayo ikafungwa. Msichana mmoja wa huko alirudi kwao Kanyangereka, na baada ya muda jamaa zake kadhaa wakaanza kucheka. Shule mbili za wavulana za jirani pia zilifungwa. Kwa jumla hutajwa kwamba shule 14 zilifungwa na watu wapatao 1,000 waliguswa. Hakuna kifo kilichoripotiwa.

Dalili na uchunguzi

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, hata kudaiwa kwamba watu walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Sivyo. Mtu alishikwa kwa dakika chache au saa chache, akatulia, kisha akashikwa tena. Kwa baadhi yao hali hiyo iliendelea hadi siku 16. Kicheko kilichanganyika na kilio, kutotulia na hofu. Waliokamatwa kwa nguvu ili watulizwe waliweza kugeuka wakali. Hayo si mambo ya watoto wenye furaha.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichapisha taarifa yao mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Wagonjwa hawakuwa na homa, na vipimo vya damu na vya maji ya uti wa mgongo havikuonyesha maambukizi. Chakula nacho kilichunguzwa, isipatikane sumu. Miongoni mwa wananchi walikuwepo waliodhani kwamba hewa imechafuliwa na majaribio ya mabomu ya atomiki.

Maelezo ya sababu

Mwaka 1964 daktari Benjamin Kagwa aliandika kuhusu tatizo la histeria ya halaiki katika Afrika Mashariki. Mwaka 2007 mtaalamu wa isimu Christian Hempelmann alieleza upya kwamba kicheko cha Kashasha kilikuwa dalili ya mkazo wa akili, wala hakikutokana na jambo la kuchekesha. Wasichana waliishi mbali na wazazi, chini ya kanuni kali, katika nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wiki chache tu kabla. Matarajio ya wazee juu ya watoto waliosoma yalikuwa makubwa, na mwanafunzi wa bweni hakuwa na mahali pa kusemea yaliyomlemea. Maelezo haya yanaridhisha kuliko dhana ya sumu, ingawa uhuru peke yake hautoshi kuwa sababu: shule nyingi za Tanganyika zilipitia mabadiliko yaleyale bila kucheka.

Pumzi na kutuliza hisia

Matukio ya wanafunzi kuanguka na kupiga mayowe bado huripotiwa katika shule za Tanzania, na mara nyingi husemwa ni mapepo. Mara nyingi pumzi huhusika. Mtoto aliyeshikwa na hofu hupumua harakaharaka na kwa juujuu, hivyo hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyohitajika. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kichwa huzunguka, midomo na vidole hufa ganzi, pengine viganja hukakamaa. Mtoto huona amezidiwa, huogopa zaidi, na kasi ya pumzi huongezeka. Wenzake wanaomtazama huanza kupumua vivyo hivyo.

Kupumua polepole hukata mzunguko huo. Pumzi ndefu ya kutoka huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo. Mtoto huelekezwa kuweka kiganja tumboni, avute hewa puani kwa hesabu ya tatu hadi tumbo liinuke, kisha aitoe mdomoni kwa hesabu ya tano. Watoto wadogo hawaelewi hesabu vizuri. Hao huambiwa wanuse kama wanaonusa kahawa inayokaangwa, halafu wapulize kama wanaopoza uji wa moto bila kuumwaga. Dakika mbili au tatu zinatosha.

Zoezi hilo hufundishwa siku ambazo watoto wametulia, kwa sababu aliyekwisha kushikwa hawezi kujifunza jambo jipya. Mwalimu hupumua pamoja nao, kwani mtoto hufuata pumzi anayoiona kuliko amri anayoisikia. Asiyetaka kufumba macho asilazimishwe. Kwa mtoto aliyewahi kutendewa ukatili, giza laweza kuamsha hofu. Desturi ya zamani ya kumpumulisha mtu ndani ya mfuko wa karatasi haishauriwi tena, kwa kuwa ni hatari kwa mwenye pumu au ugonjwa wa moyo.

Tukio linapozuka, walioguswa hutenganishwa kwa utulivu na kundi la watazamaji. Njia hii haiondoi chanzo, kama vile viboko, njaa, hofu ya mtihani au unyanyasaji bwenini; hayo hutafutwa kwa kuwahoji watoto mmojammoja. Mwenye homa, degedege, jeraha la kichwa au asiyerudiwa na fahamu haraka hupelekwa hospitali mara moja, kwa maana malaria kali na kifafa navyo huonekana darasani, tena siku ileile wenzake wanapoanguka kwa hofu.