Kumpeleka Kijana Ng'ambo kwa Elimu na Mpira

Siku moja, katika msimu wa karafuu, mzee mmoja wa Mgogoni, kisiwani Pemba, alinijia na shauri. Mwanawe, kijana wa miaka 15, alikuwa hodari wa kusakata kandanda, na mtu mmoja alikuwa amemwahidi kumchukua ng'ambo, asome asubuhi na afundishwe mpira jioni. Sharti lilikuwa baba atoe nauli na gharama za mwanzo. Mzee yule alikuwa tayari kuweka rehani mikarafuu yake. "Mwalimu," aliniambia, "wewe umesoma. Nambie, nimpeleke au nisimpeleke?"

Sikumjibu siku ile. Niliona kwamba swali lake si la nauli tu, bali lina historia ndefu nyuma yake, na kwamba haifai kumshauri mtu kabla ya kuitazama historia hiyo.

Kwanza ifahamike kuwa kumtoa mwana kwao na kumpeleka mbali si jambo geni katika pwani yetu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisoma kwa baba yake, kisha akaenda Hadhramaut kutafuta elimu. Baadaye alifika Istanbul, Cairo na Makka, na mwishowe akawa kadhi mashuhuri wa Unguja hadi alipofariki mwaka 1925. Rafiki yake, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, naye alisafiri Makka na Hadhramaut, akarudi kusomesha Unguja, na wanafunzi wakamjia kutoka kila upande wa mwambao. Katika safari za namna hii, mambo matatu yalijulikana kabla ya mtu kupanda chombo: anakwenda kwa nani, anakwenda kusoma nini, na atarudi na nini. Mwenyeji alikuwa mwanachuoni anayejulikana kwa jina na nasaba. Masomo yalikuwa vitabu vinavyotajika. Na alama ya kuhitimu ilikuwa ijaza, ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya mwenyewe hata akivunjika mguu.

Mpira wa miguu uliingia Unguja katika robo ya mwisho ya karne ya 19, ukiletwa na Waingereza wa kampuni ya simu ya baharini na wamisionari. Katika shule ya misioni ya Kiungani, ambayo wanafunzi wake wengi wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa utumwani, kitabu na mpira vilikaa pamoja katika ratiba ya siku. Baadhi ya vijana wa misioni hiyo walivushwa bahari kwenda kusoma. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alisomeshwa Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akapewa upadri, akiwa Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hiyo katika misioni yake. Lakini aliyepelekwa siku zile alipelekwa kwa ajili ya kitabu. Mpira ulikuwa mchezo wa jioni, na hakuna aliyeufikiria kuwa chakula cha mtu.

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji wa sabuni. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Tangu hapo kijana wa visiwani aliweza kwenda Nairobi au Kampala kwa sababu ya miguu yake. Ila alikwenda akiwa mwakilishi wa nchi, akacheza, akarudi kazini kwake. Hata baada ya Mapinduzi ya 1964, vijana wetu walipopelekwa China, Urusi na Ujerumani ya Mashariki, walipelekwa kwa mapatano ya serikali na serikali, tena kusoma.

Kuna kisa kimoja cha Afrika ya Magharibi kinachostahili kusomwa na kila mzazi. Arthur Wharton alizaliwa Accra mwaka 1865, na mwaka 1882 akapelekwa Uingereza ili asomee umisionari na ualimu. Huko akavutwa na michezo. Mwaka 1886 alishinda ubingwa wa Uingereza wa mbio za yadi 100 kwa kutumia sekunde 10. Akawa golikipa wa Preston North End, na mwaka 1889 akaanza kulipwa mshahara na Rotherham Town. Wengi humhesabu kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza mpira kwa malipo. Magazeti yalimwandika na watu walimshangilia. Lakini masomo aliyoyaendea hakuyamaliza, na nguvu zilipomwishia hakuwa na kazi nyingine mkononi. Alimaliza umri wake akifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe, akafariki fakiri mwaka 1930, na kaburi lake likakaa bila jiwe hadi mwaka 1997.

Simsimulii Wharton ili kuwatisha vijana. Wapo waliofaulu, nao ni wa kwetu. Katika miaka ya 1970 Sunday Manara alitoka Yanga akachezea Heracles ya Uholanzi. Naye Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 18, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Msomaji na azingatie neno hili: mji wake wa kwanza wa ugenini ulikuwa mji unaosema Kiswahili. Alikaa huko karibu miaka mitano, akatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2015, ndipo mwaka 2016 akahamia Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 Aston Villa, akiwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Alipanda ngazi kwa ngazi, na kila alipohama, klabu moja ilimkabidhi kwa klabu nyingine kwa maandishi.

Sheria nayo imekwisha sema. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhama kwa jambo lisilohusu mpira. Basi anayemtaka kijana wa miaka 15 peke yake, tena kwa fedha za baba, ana wajibu wa kueleza ni mlango gani wa sheria atakaopita. Kanuni hizo hizo zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa nchi za nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawiwe vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Hata klabu ya kijiji, maadamu imeandikishwa, ina fungu lake. Lakini nani atathibitisha kuwa kijana alichezea huko, ikiwa jina lake halikuandikwa popote? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilipokutana tena na mzee wa Mgogoni nilimweleza hayo. Nikamwambia asiweke rehani mikarafuu. Klabu inayomtaka mchezaji kwa haki humlipia, haimtozi. Nikamwambia amwulize yule mtu maswali matatu ya wazee wetu: kijana anakwenda kwa nani, atasoma nini, na atarudi na cheti gani? Amwache mwanawe amalize kidato cha nne, na akiweza cha sita. Kwani hata vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo huwadhamini wanamichezo kwa masomo, huangalia kwanza vyeti vya sekondari, ndipo vikatazama miguu.

Alinisikiliza, kisha akauliza: "Na kama mtu huyo akimchukua mtoto wa jirani, naye akafanikiwa, mwanangu atanambia nini?"

Swali hilo ni zito, wala sikulidharau. Umri wa mchezaji ni mfupi, na miaka mitatu ya kungoja si kitu kidogo. Nilimjibu kuwa huenda ikawa hivyo, na kijana akamlaumu baba yake kwa muda. Lakini lawama ya mwana aliye nyumbani na cheti chake inaweza kusuluhishwa. Mwana aliyetupwa katika mji asioujua, bila mkataba wala shule, na mikarafuu imekwenda, atasuluhishwa na nani?

Mzee aliondoka bila kuniahidi neno. Baadaye nilipata habari kuwa amekwenda na mwanawe kwa viongozi wa klabu yao, akataka jina la kijana na tarehe yake ya kuzaliwa viandikwe katika daftari. Daftari halikuwapo, ikabidi wanunue.