Vizsla: mbwa wa mawindo asiyetosheka na mbio pekee

Vizsla ni mbwa wa kuwindia mwenye asili ya Hungaria. Ana manyoya mafupi ya rangi ya kutu iliyochanganyika na dhahabu, masikio yaliyolala na mwili mwembamba wenye misuli. Dume hufikia kimo cha sentimita 58 hadi 64 begani, na jike humpungua kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikaribia kutoweka, akanusurika kwa kiasi fulani kwa sababu baadhi ya Wahungaria walioikimbia nchi yao waliondoka naye. American Kennel Club ya Marekani ilimtambua rasmi mwaka 1960, na leo anafugwa pia na familia ambazo hazijawahi kushika bunduki.

Hapo ndipo matatizo huanza. Mbwa huyu alizalishwa, kizazi baada ya kizazi, ili apekue nyasi na mashamba akinusa, asimame kimya anapopata harufu ya ndege, mara nyingi akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele, kisha amletee mwindaji ndege aliyeangushwa. Kazi hiyo ilidai ustahimilivu, pua kali na kushirikiana na mtu kwa karibu. Mfugaji wa mjini anayemkimbiza tu humwachia mbwa kiu ya hayo mengine mawili, naye huitafutia dawa mwenyewe: hutafuna viatu, huchimba bustani, hubweka mchana kutwa. Mbwa wengi wa namna hii hutolewa kwa watu wengine kwa makosa ambayo si yao.

Nchini Uingereza, wafugaji hushauriwa kumpa vizsla aliyekomaa mazoezi ya zaidi ya saa mbili kwa siku. Sehemu ya muda huo aachwe huru mahali penye uzio, kwani akinusa windo anaweza kusahau jina lake. Kumrushia mpira mara hamsini, jambo linalopendwa sana, humwongezea pumzi na jazba. Baada ya mwezi atataka mara mia.

Kinachomtuliza zaidi ni kazi ya pua. Badala ya kumwekea chakula chote kwenye bakuli, sehemu yake inaweza kutawanywa majanini, kufichwa nyuma ya samani, au kufungwa ndani ya kitambaa kinachoburutwa uani ili afuate njia ya harufu. Dakika 15 za kutafuta kwa makini humchosha kuliko wengi wanavyotarajia. Afundishwe pia kuleta kitu na kukiachia mkononi, kusubiri, na kulala kwenye mkeka wake wakati familia inakula. Utulivu nao hufundishwa. Sauti kali na kipigo humharibu, maana ni mwepesi wa kuvunjika moyo.

Desturi ya kumfungia mbwa bandani mchana na kumwachilia usiku alinde nyumba haimfai hata kidogo. Vizsla hufuata watu chumba hadi chumba, na akiachwa peke yake ghafla kwa saa nyingi hupatwa na hofu. Azoeshwe upweke kidogo kidogo, akianza na dakika chache. Nyumba inayobaki tupu tangu alfajiri hadi jioni ingetafuta mbwa wa aina nyingine.

Kwa watoto ni mpole, ingawa furaha yake inaweza kumwangusha mtoto mdogo, hivyo mtu mzima awepo. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa, matembezi yafanyike alfajiri au jua likizama. Lami ya saa saba huunguza nyayo, na mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Mtoto wa mbwa asilazimishwe kukimbia masafa marefu kabla mifupa yake haijakomaa, yaani hadi umri wa mwaka mmoja au zaidi.

Kabla ya kununua, iulizwe hali ya nyonga za wazazi na kama kuna kifafa katika ukoo. Chanjo ya kichaa cha mbwa na kinga dhidi ya kupe ni za lazima kwake kama kwa mbwa yeyote. Vizsla huishi takriban miaka 12 hadi 14. Uzeeni miguu huchoka mapema, lakini pua hudumu, na mchezo wa kutafuta chakula unaweza kuendelea hata matembezi yanapofupishwa.