Bastola kwenye buti

Marekani kila jimbo lina sheria yake ya silaha. Bastola iliyo halali Pennsylvania inaweza kukupeleka jela New Jersey, ng'ambo ya mto tu.

Baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, mwaka 1968 Bunge lao lilipitisha sheria kali. Wenye bunduki walilalamika miaka 18, hadi Reagan (aliyepigwa risasi mwaka 1981!) aliposaini nyingine, Mei 1986. Humo mna kifungu cha msafiri: kama unaruhusiwa kubeba bastola utokako na uendako, pita nayo majimbo ya katikati. Ila iwe haina risasi ndani, na vyote viwe mbali na mkono, yaani kwenye buti. Gari halina buti? Sanduku na kufuli; droo ya dashibodi haihesabiki.

Sasa sikieni. Mwaka 2005 msafiri mmoja aliachwa na ndege Newark, akalala hotelini na begi lenye bastola. Asubuhi akaitaja mwenyewe uwanjani, pingu. Mashtaka yalifutwa, akadai fidia. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikamgomea: usiku ule silaha ilikuwa karibu naye. Kwa maandishi yalivyo, naona majaji walikuwa sahihi, na hapo ndipo penye balaa. Florida hadi Maine kwa gari lazima ulale njiani, na kifungu hakitaji kulala.