Polisi wa London na Nyumba za Kulala Wageni

Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829, watu wengi waliwachukia. Waliwaita wapelelezi, wakihofu kwamba Serikali yataka kuchungulia ndani ya kila nyumba. Kwa hiyo askari alivikwa nguo za buluu, si nyekundu kama za jeshi, na nambari yake ikatiwa katika ukosi, ili aliyeonewa apate kumtaja.

Basi fikirini, wasikilizaji, sheria ya mwaka 1851 ilivyopokewa. Katika nyumba za kulala maskini, watu wasiojuana walisongamana chumba kimoja, na homa ikaenea upesi. Polisi wakapewa amri ya kuzisimamia. Mwenye nyumba alipaswa kuiandikisha, kuarifu akiugua mtu homa, na kupaka kuta chokaa kila Aprili na Oktoba. Askari alipotaka kukagua, wakati wo wote, hakuwa na ruhusa ya kumzuia. Idadi ya walalao nayo ilipopunguzwa, fedha yake ilipungua. Lakini mpangaji alipata hewa.

Hata hivyo amri hiyo ilikuwa na mpaka: haikumhusu mtu akaaye nyumbani mwake na jamaa zake tu.

Mwaka 1894 kazi hiyo ilihamishiwa Baraza la jimbo la London. Ile ya kutoa leseni za magari ya kukodi, waliyopewa mwaka 1850 zama za farasi, polisi waliishika mpaka mwaka 2000.