Uchoraji na familia: jinsi wakimbizi wa Vietnam wanavyohifadhi historia yao

Familia nyingi zinazokimbia vita hufika ugenini bila picha hata moja ya nyumbani. Wazazi huona vigumu kusimulia yaliyowapata, na watoto huogopa kuuliza. Familia za Vietnam zilipitia hali hiyo. Baadhi ya watoto wao walitumia rangi na wino kuuliza maswali hayo.

Walikimbia lini?

Tarehe 30 Aprili 1975 jeshi la Vietnam Kaskazini liliuteka mji wa Saigon na vita vikaisha. Katika miaka 20 iliyofuata, karibu watu 800,000 walifika salama nchi nyingine kwa mashua. Wengine wengi walikufa baharini au walishambuliwa na maharamia. Kisiwa kidogo cha Pulau Bidong, Malaysia, kilikuwa kambi tangu 1978 hadi 1991. Takriban wakimbizi 250,000 walipita hapo, wengi wakisubiri kupelekwa nchi ya tatu.

Anh Do: sura ya baba

Anh Do alifika Australia mwaka 1980 akiwa mtoto mdogo, baada ya siku tano baharini katika mashua ya uvuvi iliyobeba watu zaidi ya 40. Alipokuwa na miaka 13, baba yake aliiacha familia. Walipatana baada ya miaka mingi. Mwaka 2014, picha aliyomchora baba yake ilifika fainali ya Tuzo ya Archibald, shindano kubwa la picha za watu nchini humo. Mwaka 2017 alimchora mwigizaji Jack Charles, mwenyeji wa asili wa Australia aliyetenganishwa na mama yake akiwa mchanga. Watazamaji waliipigia picha hiyo kura nyingi kuliko zote.

Thi Bui: maswali kwa wazazi

Thi Bui alizaliwa Saigon mwaka 1975. Familia yake ilikimbia mwaka 1978, mama yake akiwa mjamzito. Thi Bui alipojifungua mtoto wake mwenyewe huko Marekani, alitaka kuelewa wazazi wake waliwezaje kulea watoto katika hali ile. Aliwahoji, kisha akachora maisha yao katika kitabu kilichotoka mwaka 2017.

Tiffany Chung: historia isiyosimuliwa

Baba yake alikuwa rubani wa helikopta wa Vietnam Kusini, akatekwa na kufungwa miaka mingi. Tiffany Chung huchora ramani za safari za wakimbizi. Pia aliwashirikisha wachoraji vijana walioko Vietnam, wakachora kwa rangi za maji picha za kale za wakimbizi, jambo ambalo vijana wengi huko hawakufundishwa. Kazi hizo zilionyeshwa Washington mwaka 2019.

Ukitaka kuanza na familia yako

- Penseli na karatasi vinatosha. Si lazima ujue kuchora.
- Anza na vitu vya kawaida: nyumba, jiko, mti wa uani, njia ya kwenda kisimani. Mwombe mzee akusahihishe.
- Asiyetaka kusimulia asilazimishwe. Akilia au akinyamaza, pumzikeni.
- Andika nyuma ya mchoro jina la mahali, mwaka na aliyesimulia.
- Usionyeshe hadharani sura au majina ya ndugu waliobaki nyumbani, kama jambo hilo linaweza kuwahatarisha.